Mabaharia wawili waliosahauliwa kwenye harusi za Illyria

Twelfth Night ni tamthilia ya William Shakespeare ninayoipenda kuliko zote alizoandika za kuchekesha, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mwishoni kuna ndoa tatu, ndugu waliopoteana wamekutana, na watazamaji wanashangilia. Wakati huohuo wanaume wawili waliowaokoa ndugu hao baharini, mmoja yuko mikononi mwa askari na mwingine yuko gerezani. Hakuna anayetamka neno la kuwafungua likatekelezwa. Naona jambo hili lina uzito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu tamthilia nzima inahusu nani anapenda kweli na nani anapenda kwa maneno.

Kwa ambaye hajaisoma, merikebu inavunjika karibu na Illyria, pwani ya mashariki ya bahari ya Adriatiki. Ndani yake walikuwamo mapacha, Viola na kaka yake Sebastian, waliofanana kiasi kwamba ukiwavika nguo za aina moja huwatofautishi. Kila mmoja anaokoka na kuamini mwenzake amezama. Viola anafika ufukweni pamoja na nahodha wa merikebu. Baba alikwisha kufariki, kaka naye Viola anadhani amezama, na nchi ni ya ugenini. Anaamua kujivika nguo za kiume na kwenda kutafuta utumishi kwa Orsino, mtawala wa Illyria. Huko ataitwa Cesario. Nahodha ndiye anayempangia safari hiyo, ndiye anayebaki na nguo zake za kike, na katika nchi nzima ni yeye peke yake anayeijua siri. Anasema ulimi wake ukiropoka, basi macho yake yapofuke. Hakuropoka.

Orsino anampenda Olivia, au ndivyo anavyotangaza. Olivia ni bibi tajiri aliyefiwa na baba, kisha kaka, na ameapa kukaa matanga miaka saba, uso ndani ya ushungi, asitake kusikia habari za posa. Orsino naye hatoki kwake. Anawaamuru wapiga muziki wapige, kisha anawanyamazisha kwa kuwa wimbo umeshamwishia utamu, na mapenzi yake anayatuma kwa washenga. Cesario anakuwa mshenga mpya. Siku tatu tu za utumishi, na Viola ameshampenda bwana wake. Anakwenda kumposea mwanamke mwingine huku moyo unamuuma, na Olivia akimsikiliza, ushungi unafunguliwa, miaka saba ya matanga inafutika, anampenda mshenga.

Fundo hilo ndilo linalowavuta wengi, nami linanivuta. Lakini tazama Olivia anapendezwa na nini. Cesario haanzi kumvutia kwa yale maneno aliyokariri ya kusifia uzuri. Anamvutia pale anapoulizwa, wewe ungefanya nini ungependa hivyo? Anajibu kwamba angejenga kibanda cha matawi mbele ya lango, angetunga nyimbo za mapenzi yaliyokataliwa na kuziimba usiku wa manane, angeliita jina la Olivia mpaka vilima virudishe sauti. Anataja kazi za mikono na miguu. Orsino, kwa hiari yake mwenyewe, hakanyagi nyumbani kwa Olivia mpaka tendo la tano.

Baadaye Orsino anamwambia Cesario kwamba hakuna moyo wa mwanamke unaoweza kubeba mapenzi makubwa kama yake. Viola, aliyesimama pale na mapenzi hayo kifuani, anamsimulia habari za binti mmoja wa baba yake aliyempenda mtu asiseme, akakaa kama sanamu ya Subira inayoitabasamia huzuni. Kisha anamweleza bwana wake jambo ambalo angepaswa kuona haya kulisikia: sisi wanaume tunasema mengi na kuapa mengi, lakini viapo vyetu ni vikubwa na mapenzi yetu ni madogo. Anasema "sisi wanaume" akiwa mwanamke, na ukweli unapita salama ndani ya nguo za kuazima. Hakuna sehemu nyingine katika tamthilia hii ninayoiheshimu kama hii.

Basi tuchukue kipimo hicho cha Viola, viapo upande mmoja na mapenzi upande mwingine, tumpime kila mtu. Ukifanya hivyo utafika kwa Antonio.

Antonio ni baharia aliyemvuta Sebastian kutoka kwenye mawimbi. Kwa miezi mitatu wamekuwa pamoja usiku na mchana. Sebastian anapotaka kwenda mjini kwa Orsino, Antonio anaomba afuatane naye kama mtumishi. Anakataliwa. Na ana sababu nzito ya kutokwenda: aliwahi kupigana na merikebu za Orsino baharini, na akikamatwa katika mji ule atalipa vikali. Hata hivyo anamfuata. Anasema anampenda kijana huyu kiasi kwamba hatari itakuwa kama mchezo tu. Anamkuta njiani, anampa mkoba wake wote wa fedha kwa kuwa huenda kijana akaona kitu dukani akakitamani, na anakwenda kuagiza chakula katika nyumba ya wageni iitwayo Elephant, pembezoni mwa mji upande wa kusini. Fikiria mtu anayewindwa, amesimama katika mji wa adui, anawaza mwenzake asikose fedha za kununulia kitu cha kumfurahisha. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu amefaa kupita hapo.

Muda si mrefu anamwona kijana ametolewa upanga. Ni Viola, akiwa katika sura ya Cesario, ambaye Sir Toby, mlevi wa nyumba ya Olivia, amemchonganisha na Sir Andrew, mposaji mjinga wa Olivia, mpaka wote wawili wanatetemeka kwa woga. Antonio anadhani ni Sebastian. Anajitupa katikati na kusema kosa lolote la kijana huyu liwe lake. Askari wanamtambua na kumkamata hapohapo. Kwa unyonge anaomba arudishiwe mkoba, kwani sasa atauhitaji. Viola hajui mkoba wowote. Antonio anaona amesalitiwa na mtu aliyemfanya kuwa maisha yake, anaropoka kwa uchungu, na wanamburuta.

Hapa Shakespeare anafanya jambo ambalo wengi hulipita haraka. Viola, asiyemjua mtu huyu, anajibu kwamba fedha zake ni chache lakini kwa wema aliomtendea atamgawia nusu ya zile alizonazo. Nusu! Katika nchi ambamo Orsino anatuma vito na Sir Toby anamkamua Sir Andrew fedha kwa kumdanganya kwamba atamwoa Olivia, watu wawili wasio na kitu wanakutana njiani. Mmoja ametoa vyote, mwingine anatoa nusu. Ndio watu wawili wanaopenda kwa vitendo katika tamthilia nzima, na wanakutana katika kutoelewana.

Halafu tendo la tano. Antonio analetwa mbele ya Orsino, anaitwa haramia na mwizi wa baharini. Anakana kwa heshima: adui wa Orsino alikuwa, na kwa sababu za haki, lakini mwizi hakuwa kamwe. Dakika chache baadaye Orsino anagundua Olivia anamwita Cesario mume, maana amekwisha kufunga ndoa na Sebastian akidhani ni Cesario. Kwa hasira anatishia kumuua kijana wake. Viola anajibu kwamba kwa kumpa Orsino utulivu angekufa mara elfu, na kwa furaha. Antonio alikwisha kutenda jambo hilohilo, tena bila kutazamwa na wakubwa.

Sebastian anaingia. Anamwona Antonio na kumwita Antonio wake mpenzi, anasema saa hizi zote zimemtesa tangu wapoteane. Antonio anatazama mapacha wawili, anashangaa kwamba tufaha lililopasuliwa vipande viwili halifanani kuliko viumbe hawa, na anauliza yupi kati yao ni Sebastian. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Kuanzia hapo mpaka pazia hasemi, hasemeshwi, hataji mtu jina lake. Orsino anapata Viola, Olivia anapata Sebastian, Sir Toby tunaambiwa amemwoa Maria, mtumishi wa Olivia. Antonio yupo palepale na askari wake.

Na yule nahodha? Viola anataka kurudia nguo zake za kike, na anaeleza kuwa ziko kwa nahodha aliyemleta nchi kavu, ambaye sasa amefungwa kwa mashtaka ya Malvolio, msimamizi wa nyumba ya Olivia. Kosa hatuambiwi. Kwa sababu hiyo wanamkumbuka Malvolio, aliyefungiwa gizani kama mwendawazimu baada ya kudanganywa kwa barua ya uongo avae soksi ndefu za njano akidhani bibi yake anampenda. Anatolewa, anaapa kulipiza kisasi kwa kundi lote, anaondoka. Olivia anakiri amedhulumiwa vibaya. Orsino anaagiza wamfuate wamsihi, na sababu anaitaja mwenyewe: bado hajatueleza habari za nahodha. Naye nahodha anatajwa kwa ajili ya nguo. Olivia alikwisha kusema Malvolio amwachie, lakini Malvolio ametoka kwa hasira na tamthilia inaisha mlango wa gereza ukiwa umefungwa. Viola anaahidiwa ndoa akiwa bado na nguo za Cesario, kwa kuwa aliyezitunza hajaachiwa.

Najua dhuluma aliyotendewa Malvolio imezungumzwa miaka mingi. Mwanafunzi wa sheria John Manningham aliiona tamthilia hii katika ukumbi wa Middle Temple, London, tarehe 2 Februari 1602, na katika shajara yake alichokisimulia ni kile kisa cha msimamizi kudanganywa. Mfalme Charles wa Kwanza aliandika jina la Malvolio pembeni ya jina la tamthilia kwenye nakala yake. Malvolio ana sauti, ana soksi, ana kiapo cha kisasi, na mwigizaji mzuri akimpata hasahauliki. Simwonei wivu nafasi hiyo. Ila dhuluma ya Malvolio ilikiriwa, tena mbele za watu. Ya Antonio haikukiriwa. Na ukumbi ule wa Februari ulijaa watu wa sheria, watu ambao kazi yao ni kuuliza nani amekamatwa, kwa shtaka gani, na ataachiwa lini.

Wasomaji wa Kiswahili tunamjua Antonio mwingine. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, kuna mfanyabiashara mwenye jina hilo anayeweka rehani nyama ya mwili wake ili rafiki yake Bassanio aweze kwenda kuposa. Huko pia mwanamke, Portia, anavaa nguo za kiume na kuokoa hali. Huko pia wapenzi wanaungana wawili wawili na Antonio anabaki peke yake. Lakini yule wa Venisi angalau anakabidhiwa barua kwamba merikebu zake tatu zimefika bandarini salama. Shakespeare aliandika The Merchant of Venice kabla ya Twelfth Night, kwa hiyo alijua namna ya kumpa mtu wa aina hii chochote cha kuondoka nacho. Wa Illyria hakumpa hata mkoba wake. Sebastian hasemi kama ataurudisha.

Wapo watakaosema ni desturi ya tamthilia za kuchekesha, kwamba wadogo husahaulika wakubwa wakioana. Siikubali hoja hiyo kwa mwandishi huyu. Mtu aliyeona umuhimu wa kutaja nyumba ya wageni kwa jina, na kumfanya Viola ahesabu senti zake na kutoa nusu, hakumsahau Antonio kwa bahati mbaya. Alimwacha pale. Naamini alitaka tuone kwamba furaha ya wakubwa wa Illyria ina watu walioilipia, nasi tukiwa tumeduwaa kwa mapacha tunapitwa na jambo hilo sawasawa na Orsino.

Ndiyo maana ninawasihi vikundi vya maigizo na walimu wanaoiandaa tamthilia hii: msimtoe Antonio jukwaani kimyakimya na askari wake mara mapacha wanapokutana, kama wengine wafanyavyo ili jukwaa libaki na wenye ndoa. Mwacheni aonekane. Na kama mnataka mwisho wenye haki, hamhitaji kuongeza hata sentensi moja. Sebastian, baada ya kumweleza Olivia kosa lake, hana neno lingine mpaka mwisho. Ana muda mwingi wa kumwacha bibi harusi kidogo, kuvuka jukwaa mpaka kwa askari, na kumrudishia Antonio fedha zake mbele ya Orsino.