Chui Aliyepotea Thrissur

Katika mji wa Thrissur, jimboni Kerala, kusini mwa India, kitambi kina msimu wake wa kutafutwa. Mwaka mzima mwenye nacho huonywa na daktari na kuchekwa na mashemeji, lakini inapokaribia sikukuu ya Onam, katika mwezi wa Chingam ambao huangukia kati ya Agosti na Septemba, wazee wa mitaa hupita barazani wakikisaka kwa macho, kwa sababu siku ya nne ya Onam ndiyo siku ya Pulikali, ngoma ya chui wa milia na wa madoadoa, na chui asiye na tumbo la kutosha hamfurahishi mtu.

Onam yenyewe ni sikukuu ya mavuno na ya kumpokea mfalme Mahabali. Masimulizi ya Wahindu yanasema kwamba mfalme huyo alitawala kwa haki na ukarimu mno hata miungu ikaingiwa na wasiwasi, ndipo Vishnu akamjia katika umbo la Vamana, mtu mfupi wa kimo, akamwomba ardhi ya hatua tatu tu. Alipokubaliwa, yule mfupi akakua: hatua ya kwanza ikaimaliza dunia, ya pili ikazimaliza mbingu, na kwa kuwa ya tatu haikuwa na pa kukanyaga, Mahabali akainamisha kichwa chake mwenyewe. Alishushwa kuzimu, lakini akapewa ruhusa ya kuwatembelea watu wake mara moja kwa mwaka. Kwa ajili yake watu hutandaza maua mbele ya milango yao kwa siku 10, kisha hula wali na mboga za kila namna juu ya jani la mgomba. Chui wameingiaje katika habari za mfalme huyu sikupata kuelewa sawasawa. Wenyeji husimulia kwamba aliyewaleta ni Sakthan Thampuran, mtawala wa Cochin, ufalme wa zamani uliokuwa na Thrissur ndani yake, kuanzia 1790 hadi 1805, ambaye ndiye anayetajwa pia kuanzisha Pooram, sherehe kuu ya ndovu ya mji huo. Kwa maoni yangu alikuwa mtawala aliyependa makelele, na Thrissur haijapata kunyamaza tangu enzi zake.

Mimi nilikuwa nasoma shahada ya pili ya kilimo katika chuo kimoja nje kidogo ya mji, nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya bwana mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Chettan, kaka mkubwa. Usiku wa kuamkia Pulikali, Chettan alipanda ngazi akiwa na wazee wengine wa mtaa, wote wamekunja nyuso, nikadhani pamefiwa. Kumbe mmoja wa chui wao wa mbele, mtu wa tumbo la kutajika, alikuwa ameshikwa na homa. Chettan hakuzunguka sana. Alinitazama kuanzia kifuani kushuka chini, akasema, "Ndugu yangu, mtaa unakuhitaji."

Nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu wa Tanga, na kwamba maandamano ya hekalu si mahali pangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanijibu kwamba katika kundi lao walikuwamo Waislamu na Wakristo, kwamba kila mwaka wanacheza bega kwa bega na Wahindu bila mtu kuulizwa dini yake, na kwamba wote hao, kwa bahati mbaya, walikuwa na matumbo madogo kuliko langu. Nilimwomba basi anihakikishie mambo mawili: kwamba mahali pa ibada nitasimama kando, na kwamba nitavaa barakoa muda wote, asije mtu wa nyumbani akanitambua. Alinihakikishia yote mawili, na wazee wakashuka ngazi wakiwa na nyuso zilizokunjuka.

Kazi ilianza kabla ya alfajiri. Kwanza nilinyolewa kwa wembe kuanzia shingoni hadi vifundoni, maana rangi haikai juu ya malaika ya mwili. Rangi yenyewe ni ya unga, husagwa pamoja na vanishi mpaka iwe laini, hupakwa mkono wa kwanza, huachwa ikauke kwa saa kadhaa, kisha hupakwa mkono wa pili na hatimaye kuchorwa milia. Haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Jioni huondolewa kwa mafuta ya taa, habari ambayo nilipewa nikiwa tayari nimekwisha kuwa njano hadi kiunoni. Muda wote huo mtu husimama, mikono imetanuliwa, bila kukaa wala kuegemea ukuta. Kula na kunywa pia tulikatazwa, kwa sababu mtu akishapakwa mwili mzima safari ya chooni huwa ni mtihani ambao hakuna anayetaka kuusimamia.

Aliyenichora alikuwa mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa sisi wenye matumbo makubwa desturi ni kwamba uso wa chui huchorwa hapo hapo tumboni, ili tumbo likitikisika chui aonekane ananguruma. Nilimwomba anifanye chui wa madoadoa, kwa kuwa wamo pia katika ngoma hiyo na ndiye ninayemjua kutoka kwetu, lakini alitikisa kichwa na kusema kwamba tumbo la ukubwa huu likiwekwa madoadoa ni kupoteza mali. Alichora macho mawili makali chini ya kifua, akaweka pua juu kidogo ya kitovu, na kitovu chenyewe akakifanya koo ndani ya kinywa kilichoachama, chenye meno juu na chini. Alipofika upande wa kulia wa tumbo alisita. Hapo nina kovu refu la upasuaji wa kidole tumbo, kazi ya daktari ambaye bila shaka alikuwa na haraka siku ile. Nilidhani atalifunika. Badala yake alilizungushia rangi nyekundu kwa brashi nyembamba, akarudi nyuma hatua moja kuutazama mchoro, akasema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Chui asiye na kovu ni paka."

Nilipopelekewa kioo niliogopa. Tumbo lilikuwa tupu tangu jana yake, limeingia ndani kidogo, na yule chui alikuwa amekunja uso kwa hasira ya kweli.

Yaliyofuata yalisababishwa na huruma ya akina mama. Mchana, rangi ilipokuwa imekauka, mke wa Chettan na majirani zake walipita kututazama, na walipobaini kwamba mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari ameshinda njaa siku ya sikukuu, waliona ni aibu ya mtaa mzima. Wanaume walijaribu kueleza habari ya kukatazwa kula, hawakusikilizwa. Kwa kuwa mikono yangu haikuruhusiwa kugusa kitu, nililishwa na kijiko: ndizi kubwa zilizopikwa kwa mvuke, wali wenye mchuzi wa dengu, na payasam, ule uji mtamu wa maziwa na sukari ambao Mswahili yeyote aliyelelewa kwa tambi za Idi hawezi kuukataa. Kila nilipofungua kinywa kusema nimeshiba, kijiko kilikuwa kimekwisha kufika.

Vanishi iliyokauka hainyumbuki, lakini tumbo hunyumbuka. Lilipoanza kufura nilisikia mlio mdogo wa kitu kinachopasuka, kisha mwingine, na mzee wa miwani akaja mbio. Macho ya chui yalikuwa yameachana na kutazama kila moja upande wake, nyusi zilikuwa zimepanda juu, na kile kinywa cha kutisha kilikuwa kimetanuka kutoka ubavu hadi ubavu. Mnyama aliyekuwa tayari kuua sasa alifanana na mtoto aliyeona uji unaepuliwa. Mzee alichukua brashi, akaiinua, akaishusha. Halikuwapo la kufanya, kwa maana lori lililopambwa lilikuwa limekwisha kuwashwa moto na ngoma zilikuwa zikituita. Nilifungwa mkanda wa njuga kiunoni, nikavikwa barakoa yenye ulimi mwekundu uliotoka nje, tukaondoka.

Barabara ya Swaraj Round huuzunguka uwanja wenye miti ambao katikati yake limesimama hekalu la Vadakkunnathan, na siku hiyo makundi ya mitaa mbalimbali huingia humo jioni, kila kundi na chui wake zaidi ya 30, wapigaji ngoma wake, mwindaji wake mwenye bunduki ya mbao na magari yake ya maonyesho, yote yakigombea zawadi za mji. Watu hujaa vibarazani na juu ya mapaa. Hatua za ngoma si ngumu: unachuchumaa, unapeleka nyonga, unainuka, na wenye matumbo wanayaachia yafanye yatakavyo. Tatizo ni kwamba chui wangu alikuwa akicheka. Kila nilipotikisa, kicheko chake kilizidi, vipande vya rangi vikidondoka kama meno ya utotoni. Watoto walianza kumnyooshea vidole, watu wazima wakashika mbavu, na mwindaji wetu, aliyepaswa kunilenga na kunipiga, aliiweka bunduki chini akakaa kwenye ukingo wa njia akijifuta machozi.

Tulipofika Naduvilal, penye hekalu dogo la Ganapathi, chui walisimama kuvunja nazi mbele ya mungu huyo, kama ilivyo desturi. Mimi, kwa mujibu wa mapatano yetu, nilijitenga kando kwa adabu. Barakoa ile haina matundu ya macho yenye maana. Mtu huona kupitia kinywa chake, na anachokiona ni migongo. Ngoma zilipolia tena niliufuata mgongo wa njano wenye milia ulionipita karibu, nikajiunga, nikacheza kwa bidii zaidi kuliko mwanzo, na nilishangaa kidogo kuona jinsi wenzangu walivyoanza kunishangilia, kunisukuma mbele na kunipigia ngoma za peke yangu. Nilifikiri hatimaye nimeiva.

Nyuma yangu, Chettan alikuwa amewahesabu chui wake na kupata upungufu. Kumtafuta chui wa njano katikati ya mamia ya chui wa njano, ambao wote wameficha nyuso, ni kazi ya kukatisha tamaa, na simu yangu nilikuwa nimemwachia mwanawe, kijana wa darasa la saba, kwa kuwa mavazi ya chui hayana mfuko. Ikalia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, yaani saa nane na nusu mchana Tanga, wakati ambao mke wangu hupiga simu ya video kila anapokwenda kwa mama yake. Kijana, ambaye ana akili kunizidi mimi na baba yake, hakuona sababu ya kuficha lolote. Aliipokea na kumweleza kwa Kiingereza kwamba mumewe amegeuka chui, kwamba amepotea, na kwamba angeshukuru sana kama bibi angesaidia kumtambua. Kisha akaigeuza kamera na kuanza kukimbia kando ya maandamano, akipitisha tumbo baada ya tumbo.

Baadaye mke wangu alinieleza kwamba yeye na mama yake waliketi mkekani wakiyakagua matumbo ya wanaume wa Thrissur kwa makini ambayo hakupata kuyaona hata wakati wa kuchagua mchele. Huyu siye, mfupi. Huyu siye, kitovu kimetokeza. Hatimaye likapita tumbo moja linalocheka, lenye kovu upande wa kulia lililozungushiwa wekundu, naye akapiga kelele: "Huyo! Huyo hapo ndiye!"

Mkono ulinivuta kwa njuga. Nilipoinua barakoa nikakuta Chettan amefika na anabishana na wazee nisiowajua, wamesimama kifua kwa kifua. Nilikuwa nimelichezea kundi la mtaa hasimu kwa karibu nusu ya mzunguko, na wao walikuwa wakidai kwamba chui aliyejileta mwenyewe harudishwi. Picha zilikuwa zimekwisha kupigwa, na bendera iliyokuwa juu yangu katika kila picha ilikuwa yao. Mzee wa miwani alikuwa akinionyesha kovu kwa kidole na kuapa kwamba ile ni kazi ya mkono wake. Katikati ya mzozo huo, kijana aliisogeza simu mbele ya uso wangu.

Sikumwona mke wangu kwenye kioo. Alikuwapo mama mkwe, ambaye tangu nimwoe bintiye hajapata kuniona bila shati la mikono mirefu, naye alikuwa amejivuta ushungi hadi kwenye paji la uso na kuyaelekeza macho yake pembeni, ukutani penye kalenda.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba," aliiambia kalenda kwa sauti ya upole kabisa. "Masomo yanaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, mama, yanaendelea vizuri," nilimjibu, na kwa kuwa ngoma zilikuwa zimeanza upya na wale wenyeji wangu wapya walikuwa wakinisukuma mbele kwa mabega, nilimjibu nikiwa natikisa tumbo.