Seli ikiharibika DNA, bora ife au itengenezwe?

Watu wengi wakisikia DNA imeharibika wanawaza kansa hapohapo, kumbe DNA ya kila seli inaumia mara maelfu kwa siku, jua, moshi wa sigara, hata hii oksijeni tunayoitumia kupata nguvu, na sehemu kubwa inarekebishwa wewe hujui lolote. Kazi ya kuchambua huo ukarabati ndo iliwapa wanasayansi Lindahl, Modrich na Sancar Nobel ya kemia 2015. Utata unaanza uharibifu ukizidi: seli ihangaike kujitengeneza au ijiue tu yaishe?

Wanaosema ife wana hoja nzito. Seli iliyokufa haiwi kansa. Kuna protini inaitwa p53, DNA ikikatika inasimamisha seli isigawanyike kwanza, na ikiona hali haitengenezeki inaiamuru ijimalize. Na kifo chenyewe ni cha kistaarabu, ndo wanaita apoptosisi, seli inasinyaa, inajigawa vipande vilivyofungwa vizuri, seli nyingine zinavimeza, hamna fujo, tofauti na nekrosisi ambapo seli inapasuka na kumwagia majirani kila kilichomo halafu sehemu inavimba. Karibu nusu ya kansa za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika, hiyo haijatokea hivihivi. Tembo naye ana nakala kama 20 za hiyo jeni pale sisi tuna 1, seli zake zikiguswa kidogo na mionzi zinajiua haraka, na pamoja na mwili wote ule kansa haimsumbui sana.

Sasa si tuongezewe p53 basi? Taratibu. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya panya ambao p53 yao ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, kansa zilipungua kweli ila wakazeeka mapema, mifupa ikadhoofu, migongo ikapinda, wakafa kabla ya wenzao. Maana ukiwa mkali hivyo unabana hadi seli mama zinazozaa mpya. Na kwenye ubongo na moyo ndo balaa zaidi, seli za huko zikifa karibu hazirudi, kwa hiyo huko mi nipo upande wa wanaosema itengenezwe, seli ihangaike hata kama ina makovu. (Ndo maana mtu akikuuzia kidonge cha "kuzuia seli zisife" muulize seli zipi hasa.)

Ila mwaka huohuo kundi lingine likatengeneza panya wenye nakala za ziada za p53, safari hii zikiwa na swichi zake za kawaida, yaani zinaamka uharibifu ukitokea tu. Hao kansa ilipungua na uzee ukaja kwa wakati wake. Kwangu hilo ndo jibu lenye uzito kuliko mengine yote, shida haikuwa kuua, shida ilikuwa p53 isiyolala.

Na kemo (tiba ya kansa kwa dawa) inaonyesha pande zote mbili kwa mpigo, dawa nyingi zinaharibu DNA makusudi ili seli za kansa zijiue, ila seli za mizizi ya nywele na utumbo zinazogawanyika haraka nazo zinatii amri, huku uvimbe uliokwisha poteza p53 mara nyingi ndo unakuwa mgumu kusikia dawa.