Mzazi wa Washington Heights Anyimwe Kura kwa Kosa Gani?

Tangu Mahakama ya Rufaa ya Jimbo la New York ilipoifuta, Machi 2025, sheria iliyowaruhusu wakazi halali wasio raia kupiga kura katika chaguzi za Jiji la New York, nimewasikia hata wahamiaji wenzangu wa Afrika Mashariki wakisema kwamba asiye raia hana uchungu na mahali anapoishi. Kauli hiyo inaniudhi, maana Wadominikana wa Washington Heights, mtaa wa wahamiaji kaskazini mwa Manhattan, waliijibu zamani.

Kuanzia mwaka 1970 hadi bodi za shule zilipovunjwa kwa sheria ya 2002, mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ya New York alichagua bodi ya shule ya wilaya yake bila kuulizwa uraia. Wilaya ya 6, inayohudumia Washington Heights, ilifurika watoto wa Kidominikana, na madarasa yake yalisongamana kuliko karibu kila mahali jijini. Katika miaka ya 1980 walimu na wanaharakati waliwahimiza wazazi kujiandikisha, wengi wao wakiwa si raia. Wakaingiza watu wao ndani ya bodi, wakadai shule mpya, na shule zikajengwa. Guillermo Linares, mwalimu aliyepitia bodi hiyo, alichaguliwa diwani mwaka 1991. Mwaka 2016 Adriano Espaillat, aliyeletwa Marekani utotoni na kuishi kwa muda bila hati, alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Njia hiyo ilifunguliwa na wazazi waliotaka watoto wao wapate madawati.

Sikatai kwamba baadhi ya bodi zilichafuliwa na rushwa na upendeleo. Hata hivyo, raia walioiba fedha za umma ni wengi, na sijasikia mtu akipendekeza raia wote wanyang'anywe kura.

Wapo pia wanaohofia moyo uliogawanyika kati ya nchi mbili. Jamhuri ya Dominika iliruhusu uraia pacha mwaka 1994, na tangu 2004 watu wake walioko nje humchagua rais wao. Wengi wakaona wanaweza kuomba uraia wa Marekani bila kuipoteza nchi yao. Sisi Watanzania, ambao mtu mzima akichukua uraia mwingine hupoteza wa kwetu, tunapaswa kulitafakari jambo hili.

Katika jengo ninaloishi Bronx yupo bibi wa Kidominikana aliyesafisha maofisi ya watu maisha yake yote, anayelipa kodi na asiyekosa mkutano wa shule ya wajukuu zake. Ada ya kuomba uraia kwa fomu ya karatasi ni dola 760, na kila akizikusanya hutokea mgonjwa nyumbani au msiba kwao Santiago, Jamhuri ya Dominika. Ni yeye na wenzake zaidi ya 800,000 waliofikiriwa na madiwani 33 waliopitisha sheria ile Desemba 2021, kwa hoja ya Ydanis Rodríguez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika.

Majaji 6 kati ya 7 wamesema katiba ya jimbo inawapa kura raia pekee. Basi katiba irekebishwe: mabunge mawili ya jimbo yanayofuatana, kabla na baada ya uchaguzi, mjini Albany, makao makuu ya jimbo, yapitishe marekebisho, kisha wapiga kura waulizwe. Wabunge wenye asili ya Kidominikana, waliofika huko kwa jasho la wazazi wale, ndio ninaowataka wawe wa kwanza kuiwasilisha hoja hiyo.