Weusi wa Melanini: Mpangilio au Vurugu?

Wavuvi wa pwani yetu wanaomjua dome, ndugu yake ngisi na pweza, wanajua pia kwamba wino wake ukimwagikia nguo hautoki kirahisi. Sehemu kubwa ya weusi wa wino huo ni melanini, ya jamii ileile inayotia weusi nywele na ngozi za binadamu, na kwa kuwa hupatikana kwa wingi bila kuhitaji kuchujwa sana, wanakemia wameufanya kuwa kielelezo cha kupimia melanini za viumbe wengine. Hata hivyo, swali ambalo mtoto angeliuliza, yaani kwa nini kitu hiki ni cheusi, limewagawa wataalamu kwa zaidi ya nusu karne.

Ugumu wa swali huonekana tukiilinganisha melanini na rangi nyingine za asili. Klorofili ya majani hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, ikauacha wa kijani. Hemoglobini ya damu nayo ina vilele vyake vya ufyonzaji, yaani rangi za mwanga inazozifyonza zaidi, vinavyojulikana vizuri kiasi kwamba mtaalamu akiuona mchoro wa ufyonzaji wake kwa kila rangi huitambua mara moja. Mchoro wa melanini nyeusi, iitwayo eumelanini, hauna kilele hata kimoja. Huanza chini upande wa mwanga mwekundu, ukapanda kwa ulaini kupitia kijani na buluu hadi kwenye miali ya urujuanimno, kama mlima usio na bonde wala kituo. Molekuli za kikaboni kwa kawaida hazifanyi hivyo.

Tunachokijua kuhusu umbo lake si kidogo, ila kinaishia mahali pabaya. Eumelanini hutokana na tirosini, asidi amino ya kawaida, ambayo kimeng'enya cha tirosinase huibadilisha kuwa dopa na kisha dopakwinoni, hadi kufikia vipande viwili vya jamii ya indoli vinavyojulikana kwa vifupisho vya DHI na DHICA. Sisteini, asidi amino yenye salfa, ikiingia katika mlolongo huo, hutokea feomelanini, ile ya rangi ya manjano na nyekundu inayoonekana katika nywele nyekundu. Matofali tunayajua, basi. Jinsi nyumba ilivyojengwa ndiko tunakokwama. Eumelanini haiyeyuki katika viyeyushi vya kawaida na haifanyi fuwele, na kwa sababu hiyo njia ya eksirei iliyofichua umbo la hemoglobini na la protini nyingi nyingine haiwezi kutumika hapa kwa ukamilifu.

Kambi ya kwanza ilijibu kwa kukopa fizikia ya vitu vigumu. Mwaka 1960 mwanakemia Mwingereza Longuet-Higgins alipendekeza kwamba melanini huenda ni nusu-kipitishi cha umeme, yaani kitu ambacho elektroni zake haziko huru kama za shaba wala hazijafungwa kama za kioo. Mwaka 1974 John McGinness, Peter Corry na Peter Proctor walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba melanini ikiwekewa volti ya kutosha hubadilika ghafla kutoka hali ya kuzuia umeme hadi hali ya kuupitisha, kama swichi. Mvuto wa hoja hii ni rahisi kuuelewa: nusu-kipitishi hufyonza kila fotoni, yaani punje ya mwanga, yenye nishati inayozidi kizingiti chake, kwa hiyo nadharia moja ingeeleza umeme na weusi kwa pamoja, bila kumlazimu mtu kuijua kila molekuli.

Tatizo lilikuwa maji. Melanini iliyokaushwa kabisa hupitisha umeme kwa kiasi kidogo mno, na uwezo wake huongezeka sana kadiri inavyonyonya unyevu. Mwaka 2012 kundi la watafiti wakiwemo Bernard Mostert na Paul Meredith, waliokuwa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, lilionyesha kwamba ongezeko hilo halifuati kanuni za nusu-kipitishi. Linaelezeka vizuri zaidi ikiwa maji husukuma mwitikio wa kikemia unaozalisha protoni, chembe zenye chaji zinazoweza kubeba umeme, ndani ya melanini yenyewe. Kwa maoni yangu huu ni mfano wa vipimo vilivyokuwa sahihi na tafsiri iliyoponyoka. Upande wa mwanga nao haukuisaidia nadharia hiyo, kwa kuwa nusu-kipitishi kinatarajiwa kuonyesha ukingo, yaani ufyonzaji unaoanza ghafla, mahali kizingiti kilipo, ilhali mchoro wa melanini hauna ukingo.

Kambi ya pili ilikuja na wazo la unyenyekevu zaidi, kwamba melanini si dutu moja. Ni mchanganyiko wa molekuli fupifupi, kila moja ikiwa na vipande vichache vilivyoungwa kwa namna tofauti kidogo na jirani yake, na kila moja ina vilele vyake vya ufyonzaji mahali tofauti. Vilele hivyo vikijumlishwa hupotea. Anayesimama mbali na soko la Kariakoo hasikii jina la bidhaa hata moja ingawa kila mchuuzi anatamka yake waziwazi. Husikia mvumo tu. Hesabu zilizofanywa kwa msingi huu zimeonyesha kwamba si lazima aina za molekuli ziwe maelfu, kwani hata idadi ndogo, vilele vyake vikipanuliwa kama vinavyopanuka kwa kawaida katika kimiminika, inatosha kuuzaa mchoro laini.

Wazo hili ndilo ninaloliona kuwa na uzito mkubwa zaidi, lakini lina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. Ukiruhusiwa kuchagua mchanganyiko wowote, unaweza kuuzaa mchoro wowote laini, na ufunguo unaofungua kila kufuli hautuambii tuko mbele ya mlango gani. Aidha, vurugu tupu haielezi kwa urahisi kwa nini mchoro hupanda kuelekea urujuanimno katika kila eumelanini inayopimwa, iwe ya wino wa dome, ya nywele, au iliyotengenezwa kwenye chupa ya maabara. Tena melanini si vurugu tupu. Vipimo vya eksirei vimeonyesha mara nyingi kwamba molekuli zake bapa hupangana moja juu ya nyingine kama chapati, zikiachana kwa takriban nanomita 0.34. Mwaka 2014 kundi lililomjumuisha Markus Buehler wa MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, lilichapisha hesabu zinazodai kwamba mrundikano huo wenyewe, ukiwa na kasoro zake za mpangilio, huziunganisha molekuli jirani katika ufyonzaji na kuinua upande wa nishati kubwa. Hoja hiyo haiiondoi vurugu ya kikemia. Inaiongezea mpangilio mdogo, na nadhani hapo ndipo ukweli ulipolalia.

Muundo huu ndio unaoamua hatima ya mwanga uliofyonzwa. Eumelanini hurudisha kama mwanga chini ya fotoni moja katika kila elfu. Nishati iliyobaki huishia kuwa joto, kwa kasi kubwa. Ndani ya seli za ngozi vifuko vya melanini hukusanyika juu ya kiini kama mwamvuli, vikakinga vinasaba. Vipimo vya Kaidbey na wenzake vilivyochapishwa mwaka 1979 viliona kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilipitisha wastani wa asilimia 7.4 ya miali ya urujuanimno ya aina ya B, na la ngozi nyeupe asilimia 24. Anayetaka ushahidi nje ya maabara autazame hapa Tanzania, ambako watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana.

Hata hivyo, asilimia 7.4 si sifuri, na mwamvuli wenyewe una upande wake wa giza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani wakiongozwa na Douglas Brash walionyesha kwamba katika seli zenye melanini uharibifu wa vinasaba huendelea kwa zaidi ya saa tatu baada ya miali kuzimwa, kwa sababu vipande vya melanini vilivyooksidishwa hubeba nishati na kuikabidhi kwa DNA gizani. Siioni hoja hii kuwa inabatilisha ile ya kinga, maana takwimu za saratani zinaelemea wazi upande mmoja, lakini inatukataza kuiona melanini kama ukuta usiofanya kitu.

Kukosa kilele kuna gharama nyingine inayofika hadi wodini. Oksimita, kile kifaa kinachobanwa kidoleni, hulinganisha mwanga mwekundu wa takriban nanomita 660 na usioonekana wa takriban 940 ili kukadiria oksijeni ya damu. Nadharia yake ilikuwa ya busara: melanini haidundi pamoja na mapigo ya moyo, kwa hiyo itajifuta yenyewe kwenye hesabu. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake waliripoti kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi wa Marekani karibu mara tatu ya wazungu. Sababu moja inayotajwa ni kwamba taa ya kifaa haitoi urefu mmoja wa wimbi bali ukanda mwembamba, na melanini, kwa kuwa mchoro wake ni mteremko, hula zaidi upande mfupi wa ukanda huo na kuusogeza mwanga unaofika kwenye damu. Hemoglobini mtu anaweza kuikwepa kwa kuchagua urefu wa wimbi ambao haiufyonzi sana; kwa melanini hakuna mahali pa kukwepea katika mwanga unaoonekana, na anayetengeneza kifaa hana budi kuipima kwa kila mgonjwa au kukijaribu kifaa chake kwa ngozi za kila aina kabla hakijauzwa.