Theluji ya Nazi Mkomani

Fundi bati wa Langoni aliniuliza mara ya pili, akidhani masikio yamemdanganya.

"Cha kupikia?"

"La, fundi. Kipasha joto, cha kutia chumba joto."

Ilikuwa Januari, joto la kaskazi limekaa juu ya mji, hata paka wa Lamu wamechoka kugombana. Fundi akajipangusa jasho kwa ncha ya kikoi. "Chumba cha nani hicho?"

"Cha watu wa London."

"Kitafikaje huko?"

"Hakiendi. London ndiyo inayokuja hapa, Mkomani."

Akanitazama kwa huruma, kisha akataka malipo yote mbele.

Nilikuwa nimetoka Malindi na vijana wangu, kamera ya kuazima, na hadithi niliyoibeba kichwani muda mrefu. Ni ya familia ya Wabajuni wa kisiwa cha Chula, kusini ya Kismayu, Somalia, wanaokimbia mwaka 1991 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka na kila mwenye bunduki kujifanya serikali. Wanashuka Mombasa, wanaingizwa kambi ya Jomvu. Baba anatangulia Uingereza na kupewa hifadhi. Mama na binti wanabaki, miaka inapita, na wanapomfuata binti ameshakuwa mwanamwali anayemjua baba yake kwa sauti ya simu na picha ya pasipoti tu.

Halafu yanakuja maswali. Wabajuni wengi walioomba hifadhi kule walipimwa kwa lugha: unazungumza, unarikodiwa, mtaalamu anasikiliza na kuamua kama wewe ni wa visiwani kweli au ni Mkenya unayejipenyeza. Binti yetu amekulia Mombasa, anazungumza kama watoto wa Mombasa. Anaambiwa si Mbajuni. Na baba, aliyeketi ubavuni mwake, hatamki neno, maana anachelea faili lake mwenyewe lisije likafunguliwa upya. Wakirudi nyumbani, hapo ndipo panapochimbika.

Kwenda London kweli hatukuwa na uwezo. Na viza nani angetupa, tukiandika kwenye fomu kwamba tunakuja kuigiza watu walionyimwa kukaa?

Kwa hiyo nikakodi chumba cha juu katika nyumba ya mawe, Mkomani. Nyumba nzuri, kuta nene, boriti darini, ukuta mzima wa zidaka, yaani kila kitu kinachopiga kelele kwamba hapa si London. Tukaufunika ukuta kwa karatasi za maua zilizoletwa kutoka Mombasa. Kuta za Lamu zina chumvi na chumvi haipatani na gundi, basi kila baada ya muda ua moja la Kizungu lilibanduka na kidaka kikachungulia. Makoti tuliyapata kwa muuza mitumba aliyekuwa akiwauzia wavuvi wanaolala baharini. Yalinuka papa. Mpiga picha akasema kamera haina pua.

Waigizaji walikuwa hazina. Baba alikuwa nahodha mstaafu, mtu wa Kizingitini, kisiwa cha Pate, ambaye mkewe yuko Kizingitini na yeye huja Lamu kukagua mashua ya mwanawe, au ndivyo asemavyo. Mama aliigizwa na khalati mmoja maarufu kwa kuimba harusini, mwenye nyumba tuliyoikodi. Binti alikuwa mwanafunzi, mpwa wa khalati, na ndiye pekee aliyesoma karatasi zangu mpaka mwisho.

Sasa theluji. Pamba ilikuwa ghali. Sufi tuliijaribu ikapaa, ikaingia puani mwa kijana wa sauti, akapiga chafya mpaka maghribi. Nikasema basi, nazi. Nikawaweka vijana wawili na mbuzi zao darini, wakune, kisha wainyunyize taratibu mbele ya dirisha. Khalati alipoliona beseni la kwanza alishika kichwa.

"Tui lote hilo mwalimwaga ndiani?"

"Khalati, ni theluji."

"Theluji haina haja na tui."

Akaichukua, akaikamua, akapika wali, akaturudishia machicha. Kwa hiyo theluji yote utakayoiona katika filamu ile imekwisha kukamuliwa, na kwa kweli machicha yanaanguka vizuri zaidi. Tatizo likawa chini. Kichochoroni walikusanyika kuku, kisha kunguru, kisha punda mmoja aliyekataa katakata kuondoka chini ya dirisha la London. Mzee aliyekuwa akitoka msikitini akapata theluji kwenye kofia yake ya vito, akatazama juu, akasema, "Wallahi, watu wa nyumba hii wamekuwa matajiri."

Hayo yote tuliyamudu. Kilichotumaliza ni jua.

London, mwezi wa Januari, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakati ambao baba na binti wanarudi nyumbani kutoka kwenye maswali yao, nje kunapaswa kuwa giza. Lamu saa hizo jua bado linachoma. Ikabidi sini ya ugomvi tuipige baada ya isha. Na baada ya isha ndipo watu wa Mkomani wanapokaa barazani kupunga upepo, na madirisha yetu yalikuwa wazi, kwa sababu kuna watu watatu ndani wenye makoti ya sufu.

Tukaanza.

"Wewe si baba!" binti akapaza sauti. "Wewe ni sahihi ya kwenye fomu!"

"Toka nyumbani mwangu!" akanguruma nahodha, na sauti yake ni ile ya kuita mashua ng'ambo ya mlango wa bahari.

"Kata!" nikasema. Punda alilia katikati. Tukarudia.

Toka nyumbani mwangu! Kata. Maikrofoni imeingia kwenye picha. Toka nyumbani mwangu! Kata. Karatasi ya maua imemwangukia mama kichwani, wote wakacheka mpaka wakakaa chini. Toka nyumbani mwangu!

Hebu jiweke barazani. Unasikia mzee wa watu anamfukuza mwanawe. Kimya. Anamfukuza tena, kwa maneno yale yale. Kimya. Kisha kicheko kikubwa, cha mwanamke na mwanamume. Kisha anamfukuza tena, na mlango haufunguliwi, hakuna anayetoka. Hapo mwenye busara atafikiria mambo mawili: au kuna shetani ndani, au kuna mtu wa kupatanishwa. Mkomani wakatuma ujumbe wenye uwezo wa yote mawili.

Hodi ilipigwa huku kamera inazunguka. Kabla sijafumbua mdomo wameshapanda ngazi: mzee wa mtaa na fimbo yake, nyuma yake mwalimu wa chuo cha Kurani, nyuma yao mabibi wawili wamejitanda buibui, mmoja ana sahani ya halua na mwingine buli la kahawa. Wakawaona watu watatu wamevaa makoti usiku wa joto, binti machozi yanamtiririka (kitunguu, lakini watajuaje), na ukutani limeegemezwa bati jeupe lenye mbavu ambalo hawakupata kuliona maishani.

"Mzee, samahani," nikaanza, "hii si—"

"Wewe kijana wa Malindi, keti. Haya ni mambo ya nyumba."

Nikaketi. Msinilaumu. Mzee yule mimi nilikuwa nimembusu mkono asubuhi yake.

Akasoma Fatiha. Sote tukaitikia amina, mpiga picha pia, jicho lake halijaondoka kwenye kamera. Kisha mzee akamgeukia nahodha. "Mui mzima umekusikia. Una yambo gani na mwanao?"

Nilitaraji nahodha acheke, aseme ukweli, yaishe. Lakini nahodha ni mtu wa adabu za kale. Mkubwa wake amemuuliza swali, hana budi kujibu, na majibu aliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa ni yale niliyomwandikia. "Nilimwacha Jomvu," akasema, kichwa chini. "Nilimwacha na mamake nikaenda kutafuta. Na leo wamemuuliza yeye ni nani, nami nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Nahodha akakaa muda mrefu. "Kwa khofu," akasema, na machozi yakamtoka, na yeye hakupakwa kitunguu.

Mwalimu wa chuo akatoa leso. Khalati, aliyejua fika kwamba ni mchezo, akaanza kulia kwa sauti ile ya harusini. Mzee akamwambia binti, "Ndoo, mwanangu," akawashikanisha mikono, akawapa nasaha juu ya haki ya mzazi na juu ya haki ya mtoto, ambayo alisema wazee wengi huisahau. Akataja ndugu yake mwenyewe, aliyekwenda ng'ambo ujanani, ambaye simu yake hulia siku ya Idi na siku ya kifo tu. Halua ikapita. Kahawa ikapita. Mzee akaegemea kile kipasha joto, kikaanguka kwa kishindo, na ndipo akaona waya, taa, na kijana wa sauti aliyejibanza nyuma ya pazia.

"Nini hii?"

Ikabidi niseme.

Kimya kilichofuata ulimsikia punda akitafuna machicha huko chini. Mzee akauliza polepole, "Yaani nimesoma Fatiha juu ya watu wasiokuwepo?"

Mwalimu wa chuo, Mungu amlipe heri, akasema Fatiha haipotei, itakuwa imewafikia wenye shida kama hiyo huko waliko, nao si haba. Mzee akalitafakari hilo, akaonekana kuridhika. Kisha akaniuliza hadithi yenyewe inaishaje.

"Binti anatoka nyumbani usiku, Mzee. Anatembea kwenye theluji peke yake."

"Anakwenda wapi?"

"Haijulikani. Ndiyo uzuri wake."

"Hatoki," mzee akasema. "Mimi nimeshawapatanisha. Halua imeliwa."

Nilimweleza habari ya sanaa. Nikamweleza kwamba watu wa mashindano ya filamu hupenda mwisho ulio wazi. Akaniambia milango ya Mkomani iko wazi mchana tu. Nikajaribu ujanja, nikawaita waigizaji alfajiri ili tupige ule mwisho wangu kimya kimya, lakini nahodha akakataa kusimama mahali pake. Alishatoa mkono mbele ya wazee, hawezi kumfukuza mtoto tena. Binti naye akasema kwa nini atoke, na mambo yameshasawazishwa? Nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu aliyeusoma mwisho wangu, na hata yeye alinigeuka.

Wakati huo habari ilikuwa imeshavuka maji. Ilipotoka Mkomani ilikuwa "nahodha amegombana na binti katika mchezo." Ilipofika gatini ilikuwa "nahodha amegombana na binti yake wa Uingereza." Ilipofika Kizingitini kwa simu ilikuwa na mama wa huyo binti, mwimbaji, mwenye nyumba ya ghorofa.

Mke wa nahodha hakupiga simu kuuliza. Alikodi boti ya mbio. Sasa, anayeijua njia ile anajua kwamba mlango wa Mkanda haupitiki ovyo maji yakipwa, na siku ile yalikuwa yamepwa. Boti ikakwama, na yeye akakaa pale juani, mikoko kushoto na mikoko kulia, akingoja maji yajae, akiyapanga maneno yake moja moja. Aliposhuka Lamu alikuwa ameyahifadhi kuliko mwigizaji wangu yeyote.

Alipanda ngazi za khalati bila hodi. Nahodha alikuwa amevaa koti, ameketi karibu na khalati, wanakunywa chai mbele ya kipasha joto. Ilikuwa ni sini ya mapatano, lakini hiyo haikumsaidia.

"Hata baridi mumeshaizoea!" mkewe akasema.

Mambo aliyoyasema baadaye siyaandiki, ingawa kijana wa sauti anayo yote na anaapa kwamba hajapata kurikodi sauti safi namna ile. Majirani waliyasikia vilevile, na safari hii hakuna aliyepanda kuja kusuluhisha. Walidhani tunaendelea na kazi. Kutoka barazani tulimsikia mtu akisema, "Huyu mpya anaigiza vizuri kuliko wale."

Ikabidi tumkalishe na kumwonyesha picha kwenye kamera, tangu mwanzo, ili asadiki. Alitazama theluji bila kuuliza kitu. Alitazama ugomvi. Ilipofika pale mumewe anapoulizwa kwa nini alinyamaza, na machozi yakamtoka, alimwambia mpiga picha airudishe nyuma. Akaitazama tena. Kisha akamgeukia nahodha.

"Mama yangu amekufa hukulia. Mashua imezama hukulia. Kumbe machozi uliyaweka London!"

Nahodha akatazama sakafu.

"Na hii nauli ya boti ya mbio, kwenda na kurudi na kungoja maji, analipa nani?"

Wote wakanitazama mimi. Nikailipa. Kwenye hesabu ya filamu nimeiandika chini ya usafiri wa waigizaji, na si uongo, kwa sababu alikataa katakata khalati aendelee kuketi karibu na mumewe, na sini zote zilizobaki mama wa familia ile ni yeye. Katikati ya filamu, basi, mama anabadilika sura, anakuwa mfupi zaidi na mkali zaidi. Watu waliokwisha kuiona huniambia hilo ni wazo zuri sana juu ya jinsi ugenini kunavyombadilisha mtu.