Mtihani Unaomfuata Mtahiniwa, na Swali la Haki

Watahiniwa wawili wamefanya mtihani mmoja, siku moja, chumba kimoja. Kila mmoja amepata karibu nusu ya maswali aliyoulizwa. Mmoja amefaulu, mwenzake amefeli. Ungekuwa mtihani wa karatasi, tungeuliza nani aliyesahihisha. Katika mtihani wa kompyuta unaojirekebisha, hilo ni jambo la kawaida, na hesabu yake ni sahihi.

Naanzia hapo kwa sababu wataalamu wa upimaji wanapoutetea mtihani wa namna hii huzungumzia usahihi, na watu wanaoulalamikia huzungumzia haki. Pande hizi mbili hupishana njiani bila kusalimiana. Mimi naamini wataalamu wana hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani. Naamini pia kwamba walalamikaji wameshika jambo ambalo hesabu peke yake hailimalizi.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Kompyuta humpa mtahiniwa swali la ugumu wa kati. Akilipata, linalofuata huwa gumu kidogo. Akilikosa, huwa jepesi. Baada ya kila jibu kompyuta hukadiria upya uwezo wake, kisha huchagua ndani ya benki ya maswali, yaani hazina ya maswali yaliyokwisha pimwa ugumu, lile litakalofichua mengi zaidi kumhusu. Huendelea hivyo mpaka makadirio yatulie. Wale wawili walipata nusu kwa nusu kwa sababu mmoja alipandishwa hadi kwenye maswali magumu akakosa nusu yake huko, na mwingine alishushwa hadi kwenye mepesi akakosa nusu yake huko. Alama hufuata ugumu wa maswali uliyoyamudu.

Wazo hili ni kongwe kuliko kompyuta. Alfred Binet, aliyetoa kipimo chake cha akili za watoto huko Ufaransa mwaka 1905 na kukipanga kwa umri mwaka 1908, alimtaka mtahini aanzie karibu na umri wa mtoto, ashuke hadi pale mtoto anapopata kila kitu, kisha apande hadi pale anapokosa kila kitu. Kilichokosekana ni namna ya kulinganisha watu walioulizwa maswali tofauti. Hilo lilikuja na kazi za Georg Rasch wa Denmark, aliyechapisha kielelezo chake cha kihesabu mwaka 1960, na Frederic Lord wa Marekani: ugumu wa swali na uwezo wa mtu vikawekwa kwenye mizani moja, hata swali lolote likaweza kutumika kumpima mtu yeyote. Miaka ya 1970 David Weiss na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota walilifanyia wazo hilo utafiti wa kina, na miaka ya 1990 likaingia kwenye mitihani mikubwa: GRE ya kuingilia masomo ya uzamili mwaka 1993, NCLEX ya leseni za wauguzi wa Marekani mwaka 1994, GMAT ya kuingilia shule za biashara mwaka 1997.

Hoja ya usahihi inastahili kuonyeshwa kwa tarakimu. Katika kielelezo cha Rasch, taarifa inayotolewa na swali, yaani kiasi linachofichua kuhusu uwezo wa mtu, ni uwezekano wa kulipata mara uwezekano wa kulikosa. Swali ambalo una nafasi ya nusu kwa nusu hutoa 0.5 mara 0.5, yaani 0.25. Swali jepesi ambalo una nafasi ya 0.9 hutoa 0.09 tu. Kwa hiyo swali moja linalokufaa lina thamani ya karibu maswali matatu mepesi kupita kiasi. Mtihani wa karatasi umejaa maswali ya aina hiyo kwa kila mtu: mwanafunzi hodari hupoteza saa akijibu asichohitaji kuulizwa, na anayehangaika hupoteza saa hiyo hiyo akibahatisha. Ndiyo maana tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba mtihani unaojirekebisha unaweza kufikia usahihi ule ule kwa karibu nusu ya maswali. Na wanaonufaika zaidi ni wale walio kwenye ncha mbili, ambao karatasi ya pamoja, iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa katikati, huwapima vibaya kuliko wote. Hiyo nayo ni haki. Walalamikaji hulisahau hili.

Lakini kukosa nusu ya maswali kunachosha moyo. Mwanafunzi aliyezoea kupata tisa kati ya kumi hutoka nje akiwa na hakika kwamba ameanguka. Hapa hesabu ile ile inatoa nafuu ambayo ningependa kuiona ikitumika zaidi: maswali yakichaguliwa ili mtu awe na nafasi ya 0.7, taarifa kwa kila swali ni 0.21 badala ya 0.25. Mtihani wa maswali 20 ungehitaji 24 hivi kufidia pengo hilo. Maswali manne zaidi, na mtu anafanya mtihani bila kuhisi anazama. Kwangu ni bei ndogo sana.

Kero nyingine ni kutoruhusiwa kurudi nyuma kusahihisha jibu. Watetezi wana sababu. Howard Wainer alieleza mwaka 1993 kwamba mjanja anaweza kukosea kila swali kwa makusudi, apewe maswali mepesi tupu, kisha arudi mwishoni ayarekebishe yote. Hila hiyo ipo, ila ni ya hatari kwa anayeijaribu, na tafiti zilizowaruhusu watahiniwa kurudi zimeona kwamba wengi hubadilisha majibu machache na alama zao husogea kidogo. Kuwanyima wote tabia njema ya kupitia kazi yako, kwa hofu ya wachache, naona ni kuzidisha.

Tatizo lililo kubwa kuliko yote ni benki ya maswali. Kompyuta ikiachwa ichague lililo bora kila mara, itarudia maswali machache yenye nguvu kwa maelfu ya watu, na mengine yatalala bila kuguswa. Maswali hayo machache yakijulikana, mtihani umekwisha. Mwaka 1994 kampuni ya Kaplan, inayoandaa watu kwa mitihani, iliwatuma wafanyakazi wake wafanye GRE ya kompyuta, wakakariri maswali na kuonyesha kwamba benki ni ndogo mno. ETS, wenye mtihani, walipunguza siku za kuufanya na kwenda mahakamani. Mwaka 2002 ETS hao hao walirudisha GRE ya karatasi nchini China, Taiwan na Korea Kusini baada ya maswali kuonekana yakipeanwa kwenye tovuti.

Mtihani wa karatasi nao huvuja, tena vibaya. Tofauti ni namna unavyovuja. Karatasi ikivuja, watu huona, hupiga kelele, hurudia mtihani. Benki hudondoka tone kwa tone: anayejua maswali manne tu ya ngazi ya juu atapandishwa, na hakuna atakayejua alipandaje. Watafiti wametafuta dawa kwa bidii. Sympson na Hetter walipendekeza mwaka 1985 njia ya kuizuia kompyuta isilitoe swali kila inapolitamani, na njia nyingine zimefuata. Zote hudai fidia: ukilinda swali unapoteza usahihi kidogo, ukitaka usahihi unalichosha swali. Na kila swali jipya lazima lijaribiwe kwanza kwa mamia ya watu ili ugumu wake ujulikane. Shirika kubwa litamudu gharama hiyo. Wizara au lugha yenye watahiniwa wachache itashawishika kuazima vipimo vya ugumu vilivyopatikana kwa watu wengine. Swali likishatafsiriwa, ugumu wake unaweza kubadilika, na kompyuta haitajua. Itaendelea kumpandisha na kumshusha mtu kwa ngazi zisizo zake.

Upande wa saikolojia na afya, mizani inalala kwingine kabisa. Mfumo wa PROMIS, uliofadhiliwa na taasisi za taifa za afya za Marekani kuanzia mwaka 2004, hupima uchovu, maumivu, wasiwasi au sonona kwa maswali 4 hadi 12, badala ya hojaji ndefu. Mgonjwa aliyechoka hana sababu ya kukariri maswali. Hakuna wa kumshinda, hakuna kiti kimoja kinachogombewa na watu kumi, na daktari anaweza kurudia kipimo mwezi ujao bila kumchosha. Hapa karibu kila lawama niliyoitaja inapungua nguvu. Inabaki tahadhari moja ambayo siwezi kuipitia juu juu: kompyuta huchagua swali kwa taarifa linayoongeza kwenye alama, na swali kuhusu mawazo ya kujiua linaweza lisichaguliwe kamwe kwa mtu ambaye daktari alipaswa kujua jibu lake. Swali kama hilo liulizwe kwa lazima, hata kama alama haitasogea.

Kwa mitihani inayofunga na kufungua milango, njia ya kati imeshaanza kukubalika. Badala ya kubadilisha kila swali, hubadilishwa mafungu: wote huanza na fungu moja, na matokeo yake huamua fungu la pili. GRE ilihamia huko mwaka 2011, PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ikafanya hivyo kwa kusoma mwaka 2018, na SAT ya kidijitali, ya kuingilia vyuo vya Marekani, ikafuata mwaka 2023 nje ya Marekani na 2024 ndani yake. Mtahiniwa anaweza kurudi nyuma ndani ya fungu, na watunzi wanaweza kulisoma fungu zima kwa macho kabla halijamfikia mtu. Usahihi unapungua kidogo. Nami naunga mkono hatua hiyo, kwa sababu karatasi ya pamoja ilikuwa na sifa moja isiyo kwenye hesabu ya taarifa: kila aliyeshindwa aliweza kuiweka mezani, yeye na mwalimu wake, wakaona alipoteleza. Katika mtihani unaojirekebisha maswali ni siri, njia yako ni yako peke yako, na uthibitisho kwamba ulitendewa sawa na mwenzako uko mikononi mwa aliyekupima.

NCLEX angalau humpa aliyeshindwa taarifa inayoonyesha aliulizwa maswali mangapi, na katika kila eneo kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Ni kitu. Muuguzi anajua pa kuanzia kusoma tena. Lakini akitaka kujua kama swali lililomshusha lilikuwa kweli na ugumu ulioandikwa kwenye benki, hana wa kumwuliza ila wenye benki.