Kerala Congress: Viti Vichache, Bei Kubwa

K. M. Mani alikiwakilisha kiti cha Pala katika bunge la jimbo la Kerala, kusini mwa India, tangu 1965 hadi alipofariki 2019. Kuhusu chama chake, Kerala Congress, alikuwa na kauli moja maarufu: kadiri kinavyokua kinagawanyika, na kadiri kinavyogawanyika kinakua. Wapinzani walicheka. Yeye alihesabu viti.

Wakristo ni takriban asilimia 18 ya watu wa Kerala, na Kerala Congress haikuwahi kuwa chama cha wote hao. Ngome yake ni Wakatoliki wa Kisiria (Wakatoliki wa Kerala wanaofuata ibada ya Kisiria) wa wilaya za Kottayam na Idukki, wengi wao wakulima wa mpira (wa utomvu, si wa kandanda). Kwenye makaratasi si chama cha dini. Kilipomeguka kutoka Congress, chama kikubwa cha kitaifa, mwaka 1964, aliyekipa jina alikuwa Mannathu Padmanabhan, kiongozi wa Wahindu wa jamii ya Nair. Lakini ukiitazama ramani ya viti vyake, unaona makanisa.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Kerala inagombaniwa na miungano miwili, UDF ya Congress na LDF ya mrengo wa kushoto, na tofauti kati yao mara nyingi ni ndogo. Mwaka 2011 UDF ilipata viti 72 kati ya 140. Tisa vilikuwa vya tawi la Mani. Viondoe, serikali haipo. Ndipo Mani akashika wizara ya fedha, na chini yake ukaja mfuko wa Karunya, ambao kwa faida ya bahati nasibu ulilipia matibabu ya maskini wa dini zote. Mwaka 2015 ukaja mpango wa kumfidia mkulima bei ya mpira ikishuka chini ya rupia 150 kwa kilo. Kama kura za wakulima hao zingemezwa ndani ya Congress, sioni nani angewasikiliza hivyo.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Kuagiza mpira kutoka nje na ushuru wake ni mamlaka ya serikali kuu ya Delhi, kwa hiyo chama cha jimbo kinaweza kufidia tu, hakiwezi kuziba chanzo. Halafu kuna suala la familia. Uongozi ulikwenda kwa mwanawe, Jose K. Mani, na ugomvi wake na P. J. Joseph, kigogo mwenzake wa chama, ukakipasua chama tena. Wakulima hawakugombana, waliogombana ni wakubwa.

Kinachonishangaza zaidi ni Oktoba 2020, Jose alipohamia LDF. Machi 2015, wabunge wa kushoto walifanya fujo bungeni, hata kiti cha spika kikatupwa, ili Mani asisome bajeti kwa sababu ya tuhuma za rushwa ya wenye baa, ambazo yeye alizikana. Miaka mitano baadaye wakampokea mwanawe kwa mikono miwili. Katika bajeti iliyofuata, kima cha fidia ya mpira kikapanda kutoka rupia 150 hadi 170 kwa kilo. Mtu anaweza kuita hayo usaliti, na mwingine akayaita mavuno. Mimi naona yote mawili yapo.

Ila bei ya chama kidogo hulipwa vizuri pale tu mnunuzi anapokosa pa kwenda. Uchaguzi wa 2021 LDF ilipata viti 99, na vitano vya Jose havikuwa vya kuamua chochote: bila yeye bado ilikuwa na 94, wakati 71 vinatosha kuunda serikali. Aliambulia wizara ya maji kwa mtu wake, Roshy Augustine. Yeye mwenyewe alishindwa Pala kwa zaidi ya kura 15,000. Aliyemwangusha ni Mani C. Kappan, mbunge wa Pala aliyekuwa LDF, akahamia UDF baada ya kuona kiti chake kinapewa Jose.